Muulize Fundi: Nina laki mbili na nusu, nichukue baiskeli ipi kati ya hizi tatu?

Swali

Shikamoo fundi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi. Nina miaka 36, urefu wangu sentimita 158, uzito kilo 74. Ofisini kwetu kuna kikundi kimeanza kuendesha baiskeli Jumamosi asubuhi. Si mashindano, ni kunyoosha miguu tu na kupiga soga. Mara nyingi wanashuka Mabogini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, siku nyingine wanakwenda Rau kwenye mpunga na ule msitu. Nimeshawaambia nitajiunga mwezi ujao. Baiskeli niliijua nikiwa darasa la tano, tangu hapo sijaigusa, na yenye gia sijawahi kuipanda kabisa.

Nimetenga Sh 250,000 na hiyo ndiyo yote, sina ya kuongeza. Nimezunguka nikaona tatu.

Ya kwanza iko dukani, mpya, ina shokapu mbele na nyuma, breki za diski, imeandikwa gia 21. Bei Sh 245,000. Inapendeza kwa kweli, na ndiyo aliyoichagua mwanangu mkubwa.

Ya pili ni Phoenix mpya, nyeusi, inchi 28, ya kiume, haina gia. Sh 230,000. Shemeji yangu anasema nisihangaike, hiyo ndiyo baiskeli, nyingine zote mapambo.

Ya tatu ni mtumba, nimeiona Kiboriloni. Fremu ya kike, haina shokapu, gia tatu mbele na sita nyuma, tairi zimeandikwa 26 x 1.75. Cheni ina kutu, na kile kitufe cha gia cha mkono wa kushoto hakisogei kabisa. Anataka Sh 190,000. Mtumba naogopa kwa sababu sijui niangalie nini, nisije nikauziwa chuma chakavu.

Halafu naomba kujua kama naweza kumpakia binti yangu wa miaka 6 kwenye keria twende naye.

Mama Wawili, Pasua

Jibu

Marahaba, Mama Wawili.

Chukua ya tatu. Ila isizidi Sh 170,000, na usitoe hata mia kabla hujaikagua kama nitakavyokueleza. Ikifeli kwenye fremu au kwenye ringi, iache ulipoikuta utafute nyingine ya aina hiyohiyo. Usirudi dukani kwa hasira ukachukua ile yenye shokapu.

Hiyo ya dukani tuimalize kwanza. Baiskeli ya bei hiyo ikiwa na shokapu mbili, diski na gia 21, fedha yako imegawanywa kwenye vitu vingi mno na kila kimoja kimepata kidogo. Shokapu ya bei nafuu ni springi tupu ndani ya bomba, haina mafuta ya kuituliza. Ukipita shimo inadunda, na ukikanyaga kwa nguvu kupanda mlima inabonyea, kwa hiyo sehemu ya jasho lako inaishia kwenye springi. Ile ya nyuma inazungukia kwenye bushi ndogo. Vumbi la kiangazi likishaziingia zinalika, fremu inaanza kucheza katikati na kutoa mlio kila ukikanyaga, na bushi zenyewe kuzipata ni kazi. Diski nazo zina pedi za maumbo mengi tofauti, na kisahani chake ni chembamba: baiskeli ikiangukia ukuta kinapinda, kinaanza kusugua. Juu ya hayo yote ni nzito. Kinachokulainishia njia ya vumbi si springi ya namna hiyo, ni tairi pana yenye upepo wa kiasi. Mweleze mwanao hivyo, ingawa sidhani kama atakubali.

Namba 21 isikubabaishe. Ni sproketi, yaani duara za meno zinazoshika cheni, tatu za mbele mara saba za nyuma. Ya mtumba ni tatu mara sita, 18, na kati ya 18 na 21 miguu yako haitaona tofauti yoyote. Kinachokuhusu wewe ni sproketi ndogo kuliko zote mbele na kubwa kuliko zote nyuma, maana hizo ndizo zitakazokurudisha kutoka Mabogini jua likiwa limeshawaka. Mji wa Moshi umelala kwenye mteremko wa mlima: kutoka Pasua kwenda kusini unateleza bila kujua, kurudi ndipo unapolipa. Basi hesabu meno. Ukikuta 28 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu mara moja, na kwa tairi ya 26 x 1.75 unasogea kama mita 2. Kwa mwinuko wa huko unapanda umekaa na soga inaendelea. Mbele ikiwa na meno 24, nafuu zaidi.

Sasa linganisha na Phoenix ya shemeji. Ukikuta meno 44 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza karibu mita 5 na nusu. Tambarare ni raha, mlimani kila mkanyago unadai nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya gia ndogo, na huna pa kukimbilia zaidi ya kushuka na kusukuma. Shemeji hajakosea kuhusu uimara. Fremu ile inabeba gunia, spea zake zimejaa, na hakuna fundi wa mtaani asiyeijua. Kama ungekuwa unaishi Kahe na safari zako zote ni bondeni, ningekwambia ichukue. Lakini kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni breki zake za vyuma, zinazovuta raba juu kubana ringi ya chuma: ringi ikilowa zinashika kwa kusitasita. La pili ni urefu. Simama juu ya bomba la juu, miguu yote miwili chini, viatu vya kawaida. Inatakiwa pabaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kati yako na bomba. Kwa sentimita 158, kwenye Phoenix ya kiume ya inchi 28 huenda usiipate hata moja, na anayejifunza upya husimama ghafla mara nyingi.

Tuje kwenye ya mtumba, ambako kuna kazi yenyewe.

Nenda mchana, ukiwa na fundi ambaye hajuani na muuzaji. Mlipe hela yake ya muda hata msiponunua, ili asione faida kukushawishi. Beba kitambaa chenye maji, rula ya shule yenye inchi upande wa pili, na sumaku. Ile ya kwenye spika iliyoungua inatosha.

Anza na fremu, kwa sababu nyingine zote ni spea na fremu haina spea. Futa vumbi chini ya bomba la chini pale linapoungana na bomba fupi la usukani, halafu pale krenki, ule mhimili wa pedeli, inapokaa, halafu pale bomba la kiti linapoingia. Unatafuta mstari mwembamba wa kutu uliovuka rangi, au mahali palipochomelewa na kupakwa rangi upya. Rangi iliyokunjamana chini ya bomba, karibu na usukani, maana yake baiskeli iligonga kitu kwa mbele na bomba likajikunja. Kisha simama ubavuni uitazame foki, ile inayoshika gurudumu la mbele. Inatakiwa ifuate mstari wa bomba la usukani. Za mtindo huo nyingi huishia kwa kupinda mbele kidogo. Ikiwa imerudi nyuma kuelekea pedeli, maliza mazungumzo, hata akikuachia kwa laki.

Weka sumaku kwenye fremu. Ikinata ni chuma: ina uzito kidogo, lakini siku ikipata ufa wa kawaida fundi wa kuchomelea anaweza kuiokoa. Isiponata ni alumini, nyepesi na haishiki kutu, ila ufa wa alumini hauchomelewi kwa mashine za kawaida za mtaani. Kwenye ringi mambo yanageuka, hapo unataka sumaku isinate. Ringi ya alumini inashikwa na breki vizuri zaidi hata ikiwa na maji, na kuanzia Machi mpaka Mei mvua itakukuta njiani tu. Ukikuta ringi za chuma, shusha bei yako, au itafute nyingine.

Mwambie muuzaji alegeze nati ya kiti, na bomba la kiti lipande na kushuka mbele ya macho yako. Wengi hurukia gia na kusahau hili. Likiwa limegandia ndani kwa kutu hutapata urefu wako kamwe, na kulitoa kwa nyundo na moto kunaweza kuua fremu.

Kisha magurudumu. Inua nyuma, zungusha, tazama nafasi kati ya ringi na raba ya breki. Kuyumba kushoto na kulia kwa milimita 2 au 3 ni kazi ya funguo ya spoku, si tatizo. Kupanda na kushuka ndiko kubaya, maana ringi iligonga shimo ikaingia bonde, na hainyooki tena sawasawa. Bana spoku mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima, zote za upande mmoja zikaze karibu sawa. Mwisho pitisha kidole kwenye ubavu wa ringi pale raba inapobana. Ukisikia pameingia ndani, ringi imeliwa na breki, na ringi iliyokonda hivyo hupasuliwa na upepo wa tairi lenyewe, tena ukiwa juu yake.

Gololi na beringi zinajaribiwa kwa mkono. Shika gurudumu juu, lisukume kushoto na kulia. Bana breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma huku kidole kimegusa kiungo cha usukani. Shika mikono yote miwili ya pedeli uitikise. Mchezo mdogo si hoja, grisi mpya na kukaza koni vinamaliza. Lakini mkono mmoja wa pedeli ukicheza peke yake wakati mwenzake umetulia, tundu lake la pembe nne limeshalika. Ukikazwa leo utalegea wiki ijayo, dawa yake ni kuubadilisha.

Kutu ya cheni uliyoiona ni ya kushushia bei zaidi kuliko ya kuogopa, ila ipime. Pini za cheni zimepishana nusu inchi. Vuta cheni ikaze, weka sifuri ya rula upande wa inchi katikati ya pini moja, kisha tazama kwenye 12: hapo inatakiwa ukute katikati ya pini nyingine. Pini ikiwa imepitiliza kwa milimita 1.5, cheni imekwisha. Ikipitiliza kwa 3, na friwili, lile fungu la sproketi za nyuma, imekwenda nayo, kwa kuwa cheni iliyorefuka huchonga meno yaifuate. Ukivalisha cheni mpya juu ya friwili hiyo itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Mfanye muuzaji aone unavyopima. Wengi hawajawahi kuona mteja anakuja na rula, na bei huanza kuteremka yenyewe.

Kitufe cha kushoto ndicho kinachohamisha cheni kwenye sproketi za mbele, kwa hiyo kina maana kwako kuliko unavyofikiri. Mara nyingi hakijafa. Grisi ya kiwandani imekauka ikawa gundi baada ya baiskeli kukaa bandani miaka mingi. Fundi achomoe waya kwanza. Kitufe kikisogea bila waya, shida ni waya uliooza ndani ya ganda lake, kitu cha bei ndogo. Kikibaki kigumu, adondoshee mafuta ya taa au oili ya kupenyeza, akisogeze mara nyingi taratibu mpaka kiachie, kisha oili nyepesi. Kisipopona hapohapo, mtoe kwenye bei kiasi cha kitufe kipya.

Upande wa nyuma, tazama ule mkono mdogo unaoning'inia chini ya friwili na kuhamisha cheni. Uwe wima, sambamba na sproketi. Mizigo ya mtumba husafiri imelaliana, na mkono huu ndio unaoumia. Ukipinda ndani kidogo unanyooshwa. Ukiachwa hivyo, siku utakapoweka gia nyepesi kuliko zote, tena mlimani, utaingia kwenye spoku na kusimamisha gurudumu.

Tairi umeisoma vizuri na umefanya la maana kuiandika. Inchi 26 ziko zaidi ya moja, na hapo ndipo watu wanapopotea. Yenye nukta, kama 1.75 au 1.95, inakaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 559. Ndiyo ya baiskeli za milimani na ndiyo rahisi kupatikana. Yenye mkato, 26 x 1⅜, ya zile za Japani zenye kikapu mbele, inakaa kwenye ringi ya milimita 590. Zote zinaitwa 26, na haziingiliani hata kwa kulazimisha. Inchi 28 ni hivyohivyo: 28 x 1½ ya Phoenix ni milimita 635, na 28 ya baiskeli nyingi za Ulaya ni 622. Ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo kama 47-559. Amini hiyo ya pili kuliko maneno ya muuzaji. Halafu bonyeza ubavu wa tairi kwa vidole gumba. Tairi ya mtumba huwa na meno marefu ya kuvutia, lakini mpira umezeeka, na ukiukunja unaona nyufa au nyuzi. Hizo ni za kubadilisha hata kama hazijatembea.

Mkielewana, muandikishiane. Namba ya fremu imegongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya krenki. Iandikwe kwenye karatasi pamoja na bei, tarehe, majina, namba za simu na saini za wote, shahidi awepo. Kama namba imesuguliwa kwa tupa, usinunue.

Hesabu yako ninaiona hivi: Sh 170,000 ya baiskeli, Sh 50,000 ya matengenezo, Sh 30,000 ya kofia ngumu, pampu na vifaa vya pancha. Ile 50,000 si ya hiari. Baiskeli ya mtumba iendayo barabarani bila kufunguliwa inasagika ndani kimyakimya, grisi imekauka na gololi zinatembea juu ya kutu. Mwagize fundi afungue magurudumu yote mawili, krenki na usukani, aoshe kwa mafuta ya taa, abadilishe gololi zilizopoteza ung'avu, atie grisi mpya. Raba nne za breki mpya, waya mbili za breki mpya, cheni kama rula imeikataa. Usikubali oili chafu ya gari kwenye cheni. Inanata, inabeba vumbi, na vumbi lenye oili ni msasa. Tone moja la oili ya cherehani kwenye kila kiungo, zungusha pedeli nyuma kidogo, kisha futa yote inayoonekana kwa nje, maana inayofanya kazi iko ndani.

Kofia ya mtumba usiichukue ikiwa povu la ndani lina ufa hata mdogo. Ikishapokea pigo moja imemaliza kazi. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, isirudi kisogoni kama kofia ya harusi.

Kiti kipangwe hivi: umekaa, kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, goti linyooke bila kiuno kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo. Huo ndio urefu usioumiza magoti. Kwa kuwa umekaa miaka mingi bila kuendesha, anza sentimita 4 chini ya hapo ili vidole viguse ardhi, kisha pandisha kidogokidogo ukishazoea. Kwenye bomba la kiti kuna alama ya mwisho wa kupandisha, isionekane nje.

Kabla ya kutoka getini, jua mkono upi ni breki ya mbele. Baiskeli nyingi zilizotoka Ulaya bara zina ya mbele kushoto, za Japani na Uingereza kulia. Ukichanganya na kubana ya mbele yote kwa ghafla mteremkoni, gurudumu la nyuma linainuka. Tumia zote mbili, anza na ya nyuma. Ikitokea breki ya nyuma haina waya, huenda ni ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, lakini kwenye baiskeli yenye friwili ya sproketi sita haiwezi kuwepo. Basi ujue waya umeng'olewa.

Gia zisikutishe. Mkono wa kushoto uache kwenye sproketi ya kati, fanya karibu kila kitu kwa mkono wa kulia. Badilisha pedeli zikiwa zinazunguka, kwa ulaini, kabla hujaingia mlimani. Anayesubiri mpaka amekwama ndiye anayesikia ule mlio wa cheni kugoma. Sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma usiziunganishe, cheni inakaa upogo na kuvutika kupita kiasi.

Upepo: kwa uzito wako na tairi ya 1.75, paundi 45 nyuma na 40 mbele zinatosha, mradi usitoke nje ya namba zilizoandikwa ubavuni. Usijaze kwa kompresa ya kituo cha mafuta, inajaza haraka mno na tyubu ndogo inapasuka kabla mkono haujaondoka. Huko chini kuelekea TPC kuna mbigili na miba ya migunga, kwa hiyo pancha zitakuja. Ukitoa tyubu, kabla hujaziba pitisha kitambaa ndani ya tairi uupate mwiba wenyewe, kikinasa umeupata. Usipoutoa, pancha ya pili iko mita mia mbele. Sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba, subiri kama dakika 5 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza. Viraka vingi vinavyobanduka vilibandikwa solusheni ikiwa bado mbichi.

Njia za kuanzia: Jumapili asubuhi mapema ndani ya mtaa, kisha mitaa ya Shanty Town yenye magari machache, kisha Rau. Mabogini iwe ya baadaye kidogo. Barabara kuu ya Arusha usiikaribie, mabasi na malori hayakuachii nafasi, na bega la barabara halikuhifadhi. Udongo mweusi wa kule kwenye mpunga ukilowa unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma. Mvua ikinyesha usiku, rudini kwenye lami.

Baada ya safari chache za kwanza irudishe kwa fundi akaze tena spoku na nati za mikono ya pedeli, hasa kama aliweka mpya. Vitu vipya hujikalisha na kulegea.

Kuhusu binti, si sasa. Mtoto wa nyuma anahamisha uzito bila taarifa, na wewe mwenyewe bado unatafuta mizani. Hata ukishakomaa, soma kwanza kilo zilizogongwa kwenye keria. Nyingi za alumini zimeandikwa 25, na hapo hujahesabu mitikisiko ya shimo. Kinachoumiza watoto wengi kwenye keria ni kisigino kuingia kwenye spoku. Kabla hajapanda, fundi afunge wavu au bati kufunika spoku pande zote mbili za gurudumu la nyuma, aweke vyuma vya kukanyagia kwenye ekseli, na kitu cha kushika nyuma ya kiti chako. Binti avae viatu vya kufunika, si ndala, na kofia yake mwenyewe inayomtosha. Uzito wake ukiongezeka juu ya wako, pandisha upepo wa nyuma mpaka 55, tena ukihakikisha ubavu wa tairi unaruhusu.